Huyo Si Wetu

Kuna maneno matatu ambayo siku hizi yamekuwa ngao ya matajiri wengi wa mijini. Maneno yenyewe ni haya: "Huyo si wetu." Mlinzi amekesha getini mwezi mzima na mshahara haujaja, ukimwuliza meneja wa jengo atakujibu, huyo si wetu, ni wa kampuni. Mama mfagiaji ameteleza kwenye ngazi zenye maji ya sabuni, mkono umevunjika. Huyo si wetu. Kijana wa kupakia mizigo ameambiwa kesho asije, bila barua wala sababu. Huyo si wetu. Ukienda kwenye hiyo kampuni inayotajwa, nayo ina jibu lake tayari: mteja hajatulipa, sisi tutatoa wapi? Basi mtu huyu wakati wa kutumwa ana mabwana wawili, na wakati wa kudai hana hata mmoja.

Ndugu msomaji, nathubutu kusema kwamba maneno hayo ni uongo. Anayefungua geti lako usiku wa manane, anayepiga deki chini ya meza yako kabla hujafika, anayepakia saruji yako ndani ya lori lako kwa saa ulizopanga wewe, ni mtu wako. Karatasi ya zabuni uliyotiliana saini na kampuni nyingine haiwezi kuubadili ukweli huo. Na nchi yoyote inayoiacha karatasi hiyo iwe na nguvu kuliko jasho la mtu, imetunga sheria za kazi kwa ajili ya kuzipamba kabati.

Lugha yetu ni shahidi mzuri katika shauri hili, maana imeyaona mambo haya zamani. Neno kibarua, ambalo leo tunalitumia kwa kazi yoyote ya kutwa, wachunguzi wa maneno hulirudisha kwenye barua ndogo, yaani kile kijikaratasi cha kuonyesha kwamba mtu amefanya kazi ya siku. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku. Walibeba mizigo ya nyumba za biashara, na jioni ujira uligawanywa: sehemu yao, na sehemu ya bwana aliyeshinda barazani. Tajiri aliyewakodi aliweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba yeye hana mtumwa hata mmoja. Watu wale hawakuwa wake. Yeye alinunua kazi ya siku tu.

Kisha likaja neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika walianzisha ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu walichukuliwa kutoka mikoa ya mbali na kusafirishwa hadi mashambani. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina la babu yake, akafika kwenye mkonge akiwa namba, na kazi yake ikahesabiwa kwenye kipande cha siku 30.

Sisemi kwamba mlinzi au mfagiaji wa leo ni mtumwa. Kusema hivyo ni kuwadharau waliouonja utumwa wenyewe. Ninachosema ni kwamba hila ni ile ile: kumweka mtu wa tatu kati ya anayefanya kazi na anayefaidi kazi, ili faida ipite katikati na wajibu ukwame njiani.

Hila hii ilipata nguvu mpya hapa Tanzania katika miaka ya 1990. Mashirika ya umma yaliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa kwa maelfu, na wanunuzi wapya wakaja na elimu yao: baki na kazi yako kuu, nyingine zote mpe mkandarasi. Kwanza zilitolewa ulinzi na usafi. Zikafuata kantini, udereva na upakiaji. Leo utaikuta benki, kiwanda na mgodi ambamo nusu ya unaowaona wakihangaika huvaa nembo ya kampuni ambayo haina benki, haina kiwanda wala mgodi.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja zao, nami sitaki kuzipita kama sikuzisikia. Wanasema kampuni za ulinzi zina utaalamu, zina magari na redio za mawasiliano, na benki haina sababu ya kuwa chuo cha walinzi. Hilo ni kweli. Wanasema pia kwamba kampuni hizi zimewaajiri vijana ambao wasingeajiriwa popote. Hilo nalo lina ukweli wake. Lakini mwenye kununua utaalamu hulipa bei ya utaalamu. Anayeitoa kazi kwa mkandarasi ili ailipie pungufu ya vile ambavyo angeilipia yeye mwenyewe, huyo hakununua utaalamu. Amenunua mtu wa kuivunja sheria kwa niaba yake.

Tuipige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na hazitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki 4. Sasa mtazame mlinzi anayeingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Hata tukimtolea saa moja ya chakula kila usiku, ambayo mara nyingi huila akiwa amesimama, amefanya saa 66 kwa wiki. Zilizozidi ni 21, na kwa wiki 4 ni 84. Sheria ilisema 50. Je, hizo 34 ni za nani?

Endelea na hesabu. Wiki nzima ina saa 168. Geti moja linalolindwa usiku na mchana, kwa saa za kawaida za kisheria, linahitaji karibu watu wanne. Ukiwafanyisha kila saa ya ziada inayoruhusiwa, bado watatu hawapungui. Meneja anayetia saini zabuni ya geti hilo kwa bei ya watu wawili ana shahada ya uhasibu ukutani. Anajua kugawanya. Anajua kwamba bei ile haiwezi kutimia ila kwa kumnyang'anya mtu usingizi wake na malipo yake. Halafu jambo likifika mbele ya Afisa Kazi husema, sisi tulidhani kampuni inafuata sheria.

Tena kuna mshahara wenyewe. Kima cha chini hapa kwetu hupangwa kwa sekta. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 400,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kampuni yenye leseni kubwa ya madini. Mlinzi wa kampuni kubwa za ulinzi aliwekewa shilingi 150,000, na wa kampuni ndogo shilingi 100,000. Basi watu wawili waliweza kuingia asubuhi kupitia geti lile lile la mgodi, vumbi lile lile, jua lile lile, mmoja akahesabiwa kuwa mtu wa madini na mwenziwe mtu wa ulinzi. Kumhamishia mlinzi kwa mkandarasi kulitosha kumshusha daraja zaidi ya mara mbili bila kumpunguzia hata hatua moja ya doria.

Hata hivyo, mshahara mdogo mtu huuona kwa macho. Wizi mkubwa zaidi ni ule usioonekana, nao ni wizi wa miaka. Nimefanya kazi ya ofisi kwa muda mrefu, na katika jengo mojawapo nilimfahamu mama aliyefagia ngazi zetu kwa miaka 9. Katika miaka hiyo alivaa sare za rangi tatu: kijani, kisha bluu, kisha kahawia. Kila tenda ilipokwisha, kampuni mpya ilikuja na sare zake, ikawapanga foleni wafagiaji wale wale, ikawaandika upya. Ngazi hazikubadilika, ndoo hazikubadilika, hata yule karani wa utawala aliyewaonyesha pa kufagia hakubadilika. Mwaka wa tisa mama huyo aliomba likizo akamwuguze mamaye kijijini. Aliambiwa, "Wewe kwetu ni mgeni, una miezi mitano tu."

Linalouma ni kwamba aliyemjibu alikuwa na pa kushika. Sheria ile ilivyotungwa mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini haimpi likizo ya malipo aliye chini ya miezi 6 kazini. Kinga dhidi ya kuachishwa bila haki nayo haikumgusa mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, kwa mwenye utumishi usiokatika wa miezi 12 au zaidi. Haki zote hizi zimejengwa juu ya neno moja, nalo ni utumishi. Ukiweza kuukata utumishi wa mtu kila baada ya miaka michache, huna haja ya kumnyima haki yake. Unamrudisha tu mlangoni kila anapokaribia sebuleni. Kama mama yule angekuwa na mwajiri mmoja kwa miaka ile 9 kisha akapunguzwa, angestahili siku 63 za mshahara. Yeye kila mara aliambiwa kwamba mkataba wake ulikuwa wa muda na muda umekwisha, hakuna aliyemwachisha.

Wako watakaoniambia kwamba hiyo ndiyo sheria, nami mwandishi niende nikalalamike Bungeni. Nitakwenda, lakini kwanza tuisome sheria yote, tusiisome kama mtu anayechagua nyama katika mchuzi. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka 2004 vilevile, katika kifungu chake cha 61 kama kilivyotungwa, inasema jambo ambalo kila kibarua angepaswa kulijua kama anavyolijua jina lake. Inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa dalili hata moja kati ya saba ipo. Namna ya kufanya kazi inaongozwa na mtu mwingine. Saa zake zinaongozwa na mtu mwingine. Ikiwa anafanyia kazi shirika, yeye ni sehemu ya shirika hilo. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kipato chake kinamtegemea mtu huyo. Anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo. Hafanyi kazi kwa mwingine ila huyo.

Kifungu hiki kilitungwa hasa kwa ajili ya kuwafichua waajiri wanaowaita watu wao wakandarasi huru ili wasiwalipe haki zao. Najua hivyo, na najua wakili wa mwenye jengo atasema kwamba mwajiri wa mfagiaji ni kampuni iliyomlipa. Lakini zisome zile dalili saba ukiwa umesimama kwenye zile ngazi. Nani alimwambia pa kuanzia? Nani alitaka ghorofa ya pili iwe kavu kabla ya saa mbili? Nani akimkataa leo, kesho hana kazi? Bunge lililosema "bila kujali mkataba umeandikwaje" lilijua kwamba karatasi huandikwa na mwenye nguvu. Ni haki yetu kudai kwamba maneno hayo yasikilizwe hata pale karatasi zinapokuwa mbili.

Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za kuwadhibiti mawakala binafsi wa ajira, baada ya kelele nyingi kuhusu kampuni zilizokuwa zikikodisha watu kama viti vya harusi. Ilikuwa hatua njema. Lakini jina la wakala likipigwa marufuku, mtu yule yule hurudi kwa jina la mtoa huduma. Hauzi tena mfagiaji; anauza usafi. Mfagiaji ni yule yule, na fagio ni lile lile.

Na Serikali yenyewe haiwezi kunyoosha kidole bila kuutazama mkono wake. Ofisi za umma, hospitali na vyuo hutangaza zabuni za usafi na ulinzi kama wafanyavyo wenye biashara. Sasa upo Mkataba Namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu zabuni za umma. Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, uhuru ukiwa mchanga kabisa. Mkataba huo unataka mkandarasi anayelipwa fedha za umma awape wafanyakazi wake ujira na masharti yasiyopungua yale ya kazi kama hiyo mahali hapo. Unawagusa na wakandarasi wadogo walio chini yake. Unaruhusu hata malipo ya mkandarasi yazuiwe ili wafanyakazi wapate chao. Wazee wetu walitia saini jambo hilo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kila afisa ugavi anayempa tenda aliyeandika bei ya chini kuliko wote, bila kuuliza bei hiyo itamlipaje mtu wa mwisho, anaikanyaga saini hiyo.

Tusidhani kwamba jambo hili halina dawa. India iliandika katika sheria yake ya mwaka 1970 kwamba mkandarasi akishindwa kuwalipa watu wake, mwenye kazi atawalipa yeye, kisha aikate fedha hiyo kwenye malipo ya mkandarasi. Afrika Kusini ilirekebisha sheria yake, na kuanzia mwaka 2015 mfanyakazi wa kipato cha chini aliyekodishwa kwa zaidi ya miezi mitatu anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa yule anayemtumia. Mwaka 2018 Mahakama yao ya Katiba ikathibitisha. Jirani zetu wa Kenya, katika shauri la kampuni ya Wrigley lililoamuliwa mwaka 2013, walisikia mahakama ya kazi ikionya kwamba kazi zilizo kiini cha kampuni hazipaswi kutupwa nje, wala utaratibu huo usiwe njia ya kukwepa wajibu kwa wafanyakazi. Viwanda havikufungwa India wala Afrika Kusini kwa sababu hiyo, na magari ya Nairobi bado yanapishana.

Basi ninachokitaka ni mambo matatu, na yote yaandikwe kwa maneno ambayo mfagiaji ataweza kuyasoma. Kwanza, mwenye jengo na mkandarasi wawajibike pamoja kwa ujira, michango ya hifadhi ya jamii na ajali ya mtu anayefanya kazi ndani ya jengo hilo. Mfanyakazi adai kwa yeyote kati yao. Wao wataoneana aibu baadaye. Pili, tenda ikibadili mikono na watu wakabaki pale pale, utumishi wao usikatike. Kampuni mpya iirithi miaka yao kama inavyozirithi ndoo. Tatu, zabuni ambayo bei yake haitoshi kulipa kima cha chini kwa saa halali, pamoja na mchango wa mwajiri, itupwe nje kabla haijafunguliwa mara ya pili, na mtoa zabuni na mpokea zabuni waulizwe wote wawili.

Nikiyasema haya wapo watakaolia kwamba gharama zitapanda. Ni kweli zitapanda. Lakini gharama hiyo haizaliwi leo. Ipo siku zote, na kuna mtu anayeilipa kila mwezi: analipa kwa usingizi, kwa likizo asiyoipata, kwa mtoto aliyerudishwa shule kwa kukosa mchango. Tunachobishania hapa ni nani ailipe, yule anayefaidi au yule anayefagia.

Mpaka sheria itakaponyooka, nawe uliye lindoni au mwenye dekio mkononi usikae kimya. Dai maelezo ya ajira yako kwa maandishi, ni haki yako tangu sheria ya 2004. Tunza kila kitambulisho na kila hati ya malipo, hata ya kampuni iliyokwisha ondoka. Andika katika daftari lako siku uliyoingia na saa ulizokesha. Ukiachishwa, kumbuka kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 tu za kupeleka mgogoro, nazo hukimbia kuliko deni. Na unapojaza fomu, waandike wote wawili, kampuni na mwenye jengo. Asiyehusika na aje athibitishe mwenyewe kwamba hahusiki. Ingia chama cha wafanyakazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wenye majengo wana vyama vyao.

Nawe ndugu unayeketi juu ya sakafu iliyopigwa deki kabla hujaamka, nakuomba jambo dogo. Siku ukisikia mtu ofisini kwako anasema "huyo si wetu", mwulize basi ni wa nani, na usikubali kuondoka kabla hujajibiwa.